Mwalimu, mwanangu anasubiri avalishwe

Toka shule zifunguliwe Januari meseji zinazoingia hapa karibu zote ni za watoto wa awali, wa miaka minne na mitano. Nikizisoma moja moja naona zote zinazunguka palepale, mtoto hajui kujifanyia mambo yake au hajui kukaa na wenzake, na mzazi roho juu, darasa la kwanza atafikaje hivi. Basi leo ukurasa wote nawapa nyie, majina nimeyatoa kama mlivyoomba.

Mwalimu shikamoo. Mi naishi Nyegezi, mwanangu wa kiume katimiza miaka mitano Novemba, yuko awali. Nyumbani tuna dada wa kazi na kwa kweli anampenda sana mtoto, anamuogesha, anamvalisha, anamlisha, maana mi natoka saa kumi na mbili asubuhi kuwahi kazini mjini. Sasa tiicha kaniita kaniambia mtoto akiamka usingizi wa mchana anakaa tu kanyoosha mguu anasubiri mtu aje amvishe kiatu, na chakula hagusi mpaka mtu akae naye. Kubwa zaidi haendi chooni shuleni, anabana mpaka afike nyumbani, na mara mbili kajikojolea kwenye gari la shule wenzake wakamcheka, sasa asubuhi analia hataki kwenda. Baba yake anasema bado mdogo, atakua. Mi naona nimeshindwa kulea. (Mama, Nyegezi)

Marahaba mama. Hujashindwa kulea, mtoto wako amependwa na amehudumiwa, kilichobaki ni watu wazima kujifunza kurudisha mikono nyuma kidogo kidogo.

Tuanze na choo maana hicho ndo kinamuumiza leo. Nikuulize, nyumbani mnatumia choo cha kukaa? Na shuleni je, ni cha kuchuchumaa, cha shimo? Mi nimefundisha chekechea miaka mingi hapa Mwanza na hili nimeliona mpaka basi, mtoto anaingia anakuta giza, mlango haufungi vizuri, tundu analiona kubwa kuliko yeye, anatoka mbio. Na hatakwambia "naogopa kutumbukia", atakwambia "sina mkojo". Muombe tiicha siku moja watoto wakishaondoka uingie naye, mwache aangalie, mwache aulize, achuchumae umemshika mikono yote miwili hata kama hakojoi. Siku nyingine mshike mkono mmoja, siku nyingine simama mlangoni. Siku tatu nne hizo omba ruhusa kazini mama, ukishindwa aende dada au baba yake, ila aende mtu anayemwamini.

Halafu iangalie kaptula yake ya sare. Kifungo kigumu, zipu, na mkanda juu yake! Vidole vya miaka mitano, mkojo umemkaba, anaanzia wapi? Mpelekee fundi cherehani hapo mtaani atoe hayo yote aweke lastiki kiunoni. Kuna watoto nimewaona wanaitwa vikojozi darasa zima, wamewekewa lastiki wiki haijaisha wameacha kujikojolea. Na ile sentensi ya kuombea ruhusa aifanyie mazoezi nyumbani kwa sauti, "Tiicha naomba kwenda chooni", wewe uwe tiicha yeye awe mwanafunzi, maana wapo wanaobanwa na mkojo huku wanatafuta maneno. Ila akilalamika anaumia akikojoa mpeleke hospitali usisubiri, kubana mkojo muda mrefu kunaweza kuleta maambukizi.

Sasa kuvaa. Mi hufundishaga kuanzia mwisho. Yani dada ampandishie kaptula mpaka mapajani, ile ya kumalizia mtoto avute mwenyewe mpaka kiunoni. Akishaizoea dada aishie kwenye magoti, baadae kwenye vifundo, mwisho anaiweka tu kitandani mbele imeangalia juu. Ukimwanzisha mwanzo anakwama katikati, anakasirika, unamalizia wewe, na anachokumbuka ni kwamba alishindwa. Ukimwachia mwisho, kumaliza kunakuwa kwake kila siku. Viatu hivyo hivyo, na ndani ya kila kiatu mchoree nusu ya samaki kwa maka peni, kichwa cha kushoto, mkia wa kulia, akivipanga vizuri samaki anakamilika na anajua havijapishana. Vya kamba achana navyo kwanza, watoto wengi wanaziweza kuanzia miaka mitano kwenda sita, mnunulie vya kunata.

Lakini yote hayo yatakufa kama hakuna muda. Saa kumi na mbili na nusu gari la shule linapiga honi getini, dada ana uji jikoni, mtoto anahangaika na soksi, ni nani atasubiri? Yeyote angemvalisha. Kwa hiyo nguo zitoke kabatini jioni azipange mwenyewe kwenye kiti kwa mpangilio wa kuvaa, na asubuhi aamshwe dakika 20 mapema, kwa maana hiyo alale mapema pia.

Na dada, mama, kaa naye uongee naye vizuri. Dada anajua ukirudi utamuangalia mtoto, shati limenyooka? yuko safi? kashiba? Kazi yake inapimwa kwa hayo, sasa atathubutuje kumwacha mtoto atoke na vifungo vimepishana? Mwambie kwa mdomo wako kwamba vifungo vikipishana viache hivyo hivyo aende navyo, uji ukimwagika mpe kitambaa apanguse mwenyewe, sitakugombeza. Siku ukikuta uji sakafuni usikunje uso, dada ataangalia uso wako kuliko maneno yako.

Chakula nacho kidogo kidogo, sahani ndogo, amege ugali kwa mkono wake, dagaa hawana shida, hata achafuke. Sato ndo umtolee miiba wewe kwanza halafu umfundishe kuchambua kwa vidole kabla ya kutia mdomoni, watoto wa ziwa hili wanalijua hilo mapema wakifundishwa. Na mpe kazi ya kweli ndani ya nyumba, namaanisha ambayo asipoifanya inaonekana, kama kutoa vijiwe na majani kwenye dagaa kabla hawajaoshwa, kupanga sahani kwa hesabu ya watu, kukunja soksi. Akikosea hesabu sahani zikapungua, mwacheni agundue mezani.

Kwa baba yake mwambie yuko sahihi kwamba atakua, ila mkono unakua kwa kutumika. Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliufanya mwaka 1 wa awali kuwa wa lazima kabla ya darasa la kwanza, na kwangu mi mwaka huo faida yake kubwa ni hii ya viatu na choo na kuomba ruhusa kabla hata ya a e i o u, maana darasa la kwanza mwalimu ana watoto wengi, nani atamfunga mtu kiatu?

Mwalimu habari za kazi. Mi ni baba, nauza dagaa Mwaloni Kirumba, nakaa Igombe. Binti yangu ana miaka minne, alikuwa kwa bibi yake Magu toka ana mwaka na nusu, Desemba nimemleta aanze bebi klasi. Shuleni hachezi. Nimepita mara mbili nikachungulia, wenzie wanakimbizana yeye kasimama chini ya mti anaangalia tu, nikampigia kelele cheza na wenzako akaanza kulia. Tiicha anasema hasemi neno. Nyumbani anaongea mpaka usiku lakini Kisukuma. Dada yangu anasema mtoto ana tatizo apelekwe hospitali, jirani anasema tumkataze Kisukuma kabisa ashike Kiswahili. Nimechanganyikiwa. (Baba, Igombe)

Nzuri kaka, na asante kwa kuacha mzigo ukaenda kuchungulia, akina baba wangapi wanafika mpaka ukutani kwa shule.

Kwanza Kisukuma msimkataze, nakuomba sana. Mtoto anayeongea mpaka usiku ana lugha, ana akili ya kuongea, ana mambo ya kusema, kinachokosekana ni Kiswahili cha kuyasemea pale uwanjani. Ukimkataza cha bibi unamwacha hana hata kimoja, na siku bibi akipiga simu ataongea nini? Watoto wengi wakiingia kwenye lugha mpya wanakaa kimya kwanza, wiki kadhaa, wengine miezi, huku masikio yanafanya kazi, na siku akifungua mdomo anatoa sentensi nzima mnashangaa. Hospitali mpeleke kama haitiki hata akiitwa kwa Kisukuma, kama anaonekana hasikii, kama maneno aliyokuwa nayo yanapotea, au kama hata na nyie nyumbani hajali kama mpo. Kwa ulivyonieleza sioni hayo.

Na pale chini ya mti sio kwamba hafanyi kitu. Mwaka 1932 Mmarekani mmoja Mildred Parten aliandika alichokiona kwa watoto wadogo wakicheza, kwamba kuna anayecheza peke yake, kuna anayeangalia tu wenzake, kuna wanaocheza pembeni kwa pembeni kila mtu na chake, halafu wanaoazimana vitu, mwisho ndo wanaocheza mchezo mmoja kwa pamoja, na hayo ya mwisho yanaongezeka kadiri umri unavyosogea. Nenda uwanja wowote wa chekechea utawaona wote hao. Binti yako anasoma mchezo, nani anakimbia, nani anashikwa, ukishikwa unafanyaje, anajua zaidi ya unavyodhani. Ukimpigia kelele uwanja wote unamgeukia, na kwa mtoto mgeni hakuna kibaya kama hicho.

Mfundishe sentensi chache tu, fupi, za kuingilia. "Na mimi nicheze." "Sasa zamu yangu." "Sitaki." "Naomba hicho." "Samahani." Wala usizifundishe kama shairi, chukua magunzi yenu hapo uani, gunzi hili mtoto huyu gunzi lile mtoto yule, wanagombania kifuniko cha soda, wewe unasema kwa Kisukuma halafu mnasema wote kwa Kiswahili. Jioni dakika kumi, umeshaoga harufu ya dagaa, unakaa chini naye. Hiyo "sitaki" usiiache, mtoto anayejua kusema sitaki hahitaji kung'ata wala kukimbia.

Halafu Jumamosi muite mtoto mmoja anayesoma naye, mmoja tu kaka, wakiwa watatu wawili wataungana na mmoja atabaki, na huyo atakuwa wako. Wapeni udongo wafinyange au vikopo wapikepike, kitu cha mikono, maana mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka wenyewe. Lisaa limoja linatosha, waachane bado wanatakana. Jumatatu shuleni ana mtu.

Na tiicha mwambie historia yake ya Magu, pengine hajui. Akimpokea asubuhi na "mwangaluka" tu, ile salamu ya asubuhi ya Kisukuma, utaona mtoto anavyonyanyua uso. Hivi bibi yake hakumfundisha kupiga goti akasalimia mkubwa kwa mkubwa mpaka wamalizike? Basi huyo kwenye kuishi na watu sio mweupe hata kidogo, huenda kawazidi hao wanaokimbizana.

Tiicha, wanangu wawili miaka minne na sita wanapigana kila siku kisa simu yangu na baiskeli. Mdogo anang'ang'ania kila kitu, namwambia mpe mwenzio hataki, nachukua kwa nguvu nampa kaka yake, analia mpaka majirani wanakuja. Namlazimisha aombe msamaha anasema samahani huku anapiga tena. (Mama, Buhongwa)

Mama pole. Ukimnyang'anya ukampa kaka yake, somo analolipata ni kwamba mwenye nguvu ndo anachukua, na keshokutwa atalitumia. Acha "mpe mwenzio", tumia zamu. Baiskeli ni mizunguko mitano mpaka kwenye mwembe halafu inabadilika, wahesabu wote wawili kwa sauti, anayesubiri ndo msimamizi wa hesabu. Mtoto wa miaka minne akijua mwisho uko wapi anaachia, asiyejua anang'ang'ania. Samahani ya kulazimishwa achana nayo kwa sasa, badala yake arekebishe alichoharibu, amletee mwenzie maji, amuokotee kofia, amuulize anaumwa wapi.

Simu ni kesi nyingine, hiyo haichezeki wawili. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa miaka mitatu na minne asizidi saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni bora, na kwa siku awe amechezesha mwili kwa namna yoyote si chini ya dakika 180 zikijumlishwa, ndani yake angalau 60 za kuruka na kukimbia kweli. Iweke juu ya kabati. Watalia siku mbili tatu, halafu watarudi kwenye kombolela.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha awali shule moja huku Sengerema, nina watoto 60 na zaidi na niko peke yangu. Kwenye semina tunaambiwa tuwajengee watoto kujitegemea. Na watoto 60? Muda wote navua navalisha nafuta kamasi. (Mwalimu, Sengerema)

Pole mwenzangu, na nakuelewa kabisa. Ila nikwambie, kwa watoto 60 wewe ndo unauhitaji huo ujuzi kuliko mwenye watoto 15, maana huyo hata akiwafanyia kila kitu atamaliza, wewe hutamaliza. Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907 ilikuwa mtaa wa maskini, San Lorenzo, watoto zaidi ya 50 ambao wazazi wanashinda kazini, na moja ya vitu alivyoanza navyo ni kunawa mikono, kufagia, kufunga vifungo, kupenga kamasi. Inasimuliwa kwamba siku aliyowafundisha kupenga kamasi taratibu kwa leso bila kelele, watoto walimpigia makofi. Nadhani ni kwa sababu muda wote walikuwa wanagombezwa kuhusu kamasi na hakuna aliyewaonyesha inafanywaje.

Kwa hiyo wiki mbili za mwanzo za muhula usiogope silabasi, fundisha hivyo vitu kama somo. Simama mbele, kaa kimya, onyesha taratibu sana namna ya kuvua sweta, kupenga kamasi, kubeba kiti bila kukiburuza, halafu wafanye watano watano wengine wanaangalia. Gawa kazi, kila kundi wiki yake, hawa maji, hawa mikeka, hawa vikombe, hawa kuangalia nani leo hajaja na kumuulizia akirudi. Hiyo ya mwisho naipenda sana, mtoto aliyekuwa na malaria akirudi akakuta mwenzie anamwambia "tulikutafuta", unaona kabisa anavyokaa darasani siku hiyo.

Kibuyu chirizi tundikeni viwili nje, dumu la lita tano, kamba, kijiti cha kukanyagia, kwa urefu wao sio wako. Wanajinawisha wenyewe wewe unasimamia foleni, na foleni yenyewe ni somo la zamu. Na kamasi, leso za kitambaa kila mtoto aje na yake imebanwa na pini kifuani kama zamani.

Mwanangu mwalimu hujambo. Mimi ni bibi, nakaa Kayenze, nalea mjukuu wa kiume wa miaka mitano. Sisi umri huo tulishachota maji ziwani na kuchunga mbuzi, leo naona watoto mnawafuga ndani kama kuku wa kisasa halafu mnauliza mbona hawajui kitu. Mjukuu wangu anataka kufuata wenzake ziwani na ndoo, mama yake kwenye simu anakataa. Mimi naona aende. (Bibi, Kayenze)

Sijambo bibi, shikamoo. Kwa habari ya kazi niko upande wako kabisa, mtoto asiyetumwa hajui kitu, na wewe unalea vizuri kuliko wengi wa huku mjini. Lakini ziwani peke yake na watoto wenzake hapana bibi yangu, kwa hilo naungana na mama yake. Mtoto akizama hapigi kelele kama tunavyodhani, anaingia chini kimya na wenzake wa miaka sita hawatajua la kufanya. Na kuna kichocho, kile kidudu kinatoka kwa konokono wa kwenye majani pale ukingoni kinaingia kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, dakika chache tu ndani ya maji zinatosha, na kukiona hukioni. Zamani kilikuwepo pia bibi, ni vile tu wengi hawakujua kinatoka wapi.

Mtume dukani, lile unaloliona ukisimama mlangoni, na hela kamili na kitu kimoja cha kununua, akirudi mtume na viwili vya kukumbuka. Aokote mayai, afunge kuku jioni awahesabu. Apeleke bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, kwa jirani asalimie vizuri na arudi na salamu, hapo kuna kukumbuka, kuna adabu, kuna kuongea na mtu mzima. Na kwa kuwa unamtuma tuma, ajue majina yake yote, lako, na la mtaa, na umwambie wazi kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kumshika sehemu za siri wala kumwambia hii ni siri usimwambie bibi, hata awe ndugu. Namba 116 ni ya simu ya watoto, ni bure, ibandikeni ukutani.

Na ndoo usimnyime. Mnunulie ile ndogo ya lita tatu iwe yake mwenyewe, awe anachota kwenye pipa hapo uani ukiwa karibu, nusu ndoo, anamwagilia mchicha asubuhi na jioni. Mchicha ukikomaa yeye ndo auchume, na apige simu amwambie mama yake leo tunakula mboga yangu.